Mkono Ukutani: Habari za Bibi Terese Lasser na Wenzake

Ninyi mliolisikia somo hili kwa redio na sasa mnalisoma katika karatasi, someni polepole, mmoja baada ya mmoja, na kila mkutanapo na neno gumu mwalimu wa darasa aliandike ubaoni.

Mara nyingi katika masomo haya twasoma habari za wafalme, vita, reli na biashara. Leo twasoma habari za ugonjwa, na za wanawake waliougua ugonjwa huo. Nilipokuwa nikilitayarisha somo hili, mwenzangu mmoja ofisini aliniuliza kama hii ni historia au ni somo la afya. Nilimjibu kwamba ni historia. Watu walikuwa wakifanya jambo kwa namna moja, akatokea mtu akaona halifai, akasema, na baada yake jambo lile likafanywa kwa namna nyingine. Kama hiyo si historia, basi hata habari za wafalme tuziache.

Andikeni maneno haya mawili: saratani, titi. Saratani ndio ugonjwa ambao wengine huuita kansa. Najua yako madarasa ambayo watu watacheka kidogo neno la pili likiandikwa ubaoni, hasa wanapoketi wake na waume pamoja. Chekeni, kisha tuendelee, maana haya hiyo ni sehemu ya habari yenyewe, kama mtakavyoona.

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Kila siku chembe hizo huzaa nyingine, nazo huzaa kwa kiasi. Saratani ni chembe zilizoacha kushika kiasi hicho. Huzaana tu, mpaka zikawa donge. Donge likiachwa, baadhi ya chembe hutoka humo na kusafiri mwilini kwa njia ya damu, na kwa njia ya yale maji yanayopita katika tezi za kwapani, hata zikafika kwenye mapafu, ini au mifupa. Saratani ya titi huwapata zaidi wanawake, lakini hata wanaume huwapata, ingawa ni wachache. Si ugonjwa wa kuambukizwa. Aliyelala kitanda kimoja na mgonjwa, au aliyekula naye sahani moja, hapati kitu.

Sasa twende Marekani, kwa kuwa huko ndiko ilikotoka namna ya kutibu ugonjwa huu iliyofuatwa na madaktari wa nchi nyingi kwa muda wa miaka themanini hivi. Palikuwa na daktari mpasuaji jina lake William Halsted. Alianza kazi hii New York mwaka 1882, kisha akaendelea katika mji wa Baltimore, na mwaka 1894 akaandika habari za wagonjwa aliowapasua. Halsted aliamini kwamba saratani hutambaa kutoka kwenye titi kwenda nje kidogo kidogo, kama tone la mafuta linavyotambaa katika nguo. Kwa hiyo, ukitaka kuitoa yote, hapana budi ukate mbali. Alikata titi lote, akakata na nyama za kifua zilizo chini yake, akatoa na tezi zote za kwapani.

Tusimcheke Halsted. Kabla yake wanawake walikuwa wakija na madonge makubwa yaliyokwisha pasuka kuwa vidonda, na donge likikatwa lilirudi pale pale katika muda mfupi. Kwa namna yake yeye, haikuwa hivyo mara kwa mara. Lakini mwanamke aliyepasuliwa alirudi nyumbani na kifua chembamba ambacho mbavu zaonekana chini ya ngozi. Bega lilikuwa gumu. Mkono ulivimba, kwa sababu maji yaliyokuwa yakipita katika tezi za kwapani hayakuwa na njia tena. Mwanamke wa namna hiyo hakuweza kuinua mkono achane nywele zake, wala kufikia chungu kilicho juu ya rafu.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo ni hili. Mwanamke alipoona donge na kwenda hospitali, aliwekewa karatasi atie sahihi. Kisha alipewa dawa ya usingizi. Akiwa amelala, daktari alikata kipande cha lile donge, na kipande kikatazamwa kwa hadubini upesi upesi, wakati mgonjwa yu pale pale mezani. Kikionekana hakina saratani, alishonwa. Kikionekana kina saratani, titi lilikatwa saa ile ile. Basi mwanamke alilala bila kujua ataamka na nini. Alipoamka alipeleka mkono kifuani, akapapasa bandeji, na bandeji ndiyo iliyompa habari.

Hivyo ndivyo ilivyompata Bibi Terese Lasser mwaka 1952 katika mji wa New York.

Bibi Lasser hakuwa maskini. Mume wake, J. K. Lasser, alikuwa mtaalamu wa hesabu, na vitabu vyake vya kuwaeleza watu kodi zao vilisomwa Marekani nzima. Alitibiwa katika hospitali iliyojulikana sana kwa kutibu saratani. Lakini alipoamka na kuanza kuuliza maswali, hakupata mtu wa kumjibu. Nao hayakuwa maswali makubwa. Nitauinuaje mkono huu? Nitavaa nini, ili nguo isiinamie upande mmoja? Nitamwambia nini mume wangu? Watoto niwaeleze namna gani? Madaktari walikuwa wameokoa maisha yake, nao walidhani kazi imekwisha. Mambo ya sidiria na ya kuchana nywele hawakuyafundishwa katika vyuo vyao.

Tazameni vizuri jambo hili, kwa kuwa mengine yote yatoka hapa. Hospitali ile ilikuwa na elimu nyingi, lakini kulikuwa na elimu moja isiyokuwamo: kuishi kesho yake. Elimu hiyo walikuwa nayo wanawake waliokwisha pasuliwa tu, na kila mmoja wao alikaa nayo nyumbani kwake peke yake, mlango umefungwa.

Kwa nini walikaa kimya? Kwa sababu maneno yale mawili mliyoandika mwanzo yalikuwa hayatajwi Marekani kama yasivyotajwa kwetu. Katika vitabu vya historia ya ugonjwa huu husimuliwa habari ya Bibi Fanny Rosenow, aliyewahi kuugua saratani ya titi. Miaka ile ya mwanzo wa 1950 alilipigia simu gazeti kubwa la New York Times, akitaka kutangaza mkutano wa wanawake waliougua kama yeye. Akaambiwa kwamba gazeti haliwezi kuchapa neno titi, wala neno saratani. Labda, akaambiwa, tuandike kwamba ni mkutano wa magonjwa ya kifua. Bibi Rosenow akaweka simu chini.

Basi Bibi Lasser alijifundisha mwenyewe. Alisimama mbele ya ukuta, akaweka viganja vyote viwili ukutani mbele yake, akavipandisha kwa vidole kidogo kidogo, kama buibui apandavyo. Upande ule mzima mkono ulipanda hadi juu. Upande uliokatwa ulikomea karibu na bega, na uliuma. Siku ya pili ulipanda zaidi kidogo. Ukitaka kujua maendeleo yako, unatia alama ya penseli ukutani mahali kidole kilipofika, na kesho unatazama kama umeipita. Alitumia pia kamba iliyopitishwa juu ya mlango: mkono mzima unavuta upande mmoja, na mkono mgonjwa unainuliwa upande wa pili. Akatumia na mpira mdogo wa kufinya kiganjani, ili nguvu irudi.

Mkono wake uliporudi, alianza kwenda hospitali kuwatembelea wanawake wengine waliotoka kupasuliwa. Hakuna aliyemtuma. Mara nyingi hakuomba hata ruhusa. Aliingia chumbani, akaketi kando ya kitanda, akasema kwamba na yeye amekatwa. Alikuja amevaa nguo nzuri yenye kukaa mwilini, nywele zimechanwa, na mgonjwa alimtazama kifuani asiweze kujua ni upande gani. Kabla hajasema maneno mengi, mgonjwa alikuwa amekwisha jibiwa swali lake la kwanza, lile asiloweza kumwuliza daktari.

Madaktari wengi hawakupenda. Huyu ni nani, walisema, asiye daktari wala mwuguzi, anayeingia vyumbani na kuwainua mikono wagonjwa wetu? Mara nyingine alitolewa nje. Mimi nadhani hofu yao haikuwa ya bure kabisa, maana mtu asiyejua aweza kuuvuta mkono kabla kidonda hakijafunga. Lakini Bibi Lasser hakuja na dawa wala kisu. Alikuja na kamba, mpira na barua.

Ndiyo, barua. Kazi yake ilipokua na wanawake wengine wakajiunga naye, kila mgonjwa aliyetembelewa alipewa kifurushi. Ndani yake mlikuwa na kamba, na mpira, na titi la bandia la kutumia kwa muda, jepesi, la kuweka ndani ya sidiria mpaka kidonda kipone. Mlikuwa pia na karatasi zenye maelezo ya mazoezi, na barua kwa mume, na barua kwa watoto. Ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika mtaelewa upesi kwa nini aliweka barua. Yako mambo ambayo mtu hawezi kuyasema kwa mdomo mbele ya mwenzake, lakini karatasi yaweza kuyasema.

Kazi hiyo aliipa jina Reach to Recovery. Maana yake kwa lugha yetu ni kama kusema: nyosha mkono ukufikishe kwenye kupona. Jina lilitoka katika lile zoezi la ukutani. Mwaka 1969 chama kikubwa cha Marekani cha kupigana na saratani, American Cancer Society, kiliichukua kazi hii kuwa yake. Hapo milango ya hospitali ilifunguka. Wale waliokuwa wakimtoa nje sasa waliomba watumiwe wageni. Mwaka 1974 Bibi Francine Timothy, Mmarekani aliyekuwa akikaa Paris, aliipeleka Ulaya, na baada ya hapo ikaenea katika nchi nyingi. Bibi Lasser alifariki mwaka 1979.

Hapa ningeweza kufunga somo, nanyi mngerudi nyumbani na hadithi nzuri. Lakini historia haikufunga hapo.

Milango ilipofunguka, ilifunguka kwa sharti. Mwanamke wa kujitolea aliruhusiwa kumtembelea mgonjwa daktari akikubali, naye alizungumza habari za mkono, za mavazi na za moyo. Habari za matibabu hakuruhusiwa kuzigusa. Mgonjwa akiuliza, Je, ilikuwa lazima nikatwe hivi? jibu lilikuwa moja: mwulize daktari wako. Zaidi ya hayo, mgeni alikuja baada ya kukatwa. Kabla ya kukatwa, wakati mwanamke angali na nafasi ya kuchagua, hakuna aliyekuja.

Mwanamke aliyeligusa jambo hilo aliitwa Rose Kushner. Alikuwa mwandishi wa habari, akikaa katika jimbo la Maryland. Mwezi wa Juni mwaka 1974 aliona donge katika titi lake. Yeye alikuwa mtu wa kusoma. Akaenda maktaba, akasoma maandishi ya madaktari wenyewe, na huko akakuta kwamba si madaktari wote duniani wanaokata kama Halsted. Basi akasema: kwanza kipande kipimwe, kisha niamke, niambiwe, nifikiri, halafu niamue. Kwa masikio yetu ya leo hilo si ombi kubwa. Lakini alipiga simu kwa mpasuaji huyu na yule, nao walikataa, mpaka mwisho akapata mmoja wa kumkubalia. Kipande kilipopimwa, saratani ilikuwapo. Akasafiri mpaka mji wa Buffalo, kwa daktari aliyekuwa haondoi nyama za kifua, akapasuliwa huko.

Mwaka ule ule, mwishoni mwa Septemba, mke wa Rais wa Marekani, Bibi Betty Ford, alionekana ana donge. Rose Kushner alipiga simu Ikulu ya Marekani usiku kabla ya upasuaji, akitaka kuwasihi wasifanye mambo mawili kwa mara moja, wampe mama yule nafasi ya kuamka kwanza. Akajibiwa kwamba Rais amekwisha amua. Someni tena sentensi hiyo. Rais ndiye aliyeamua, na titi si lake. Tarehe 28 Septemba 1974 Bibi Ford alipasuliwa kwa namna ile ya zamani.

Hata hivyo Bibi Ford alifanya jambo ambalo mke wa Rais hakuwahi kulifanya kabla yake. Alikubali magazeti na televisheni watangaze ugonjwa wake kwa jina lake halisi. Magazeti ambayo miaka ishirini nyuma hayakuweza kuchapa maneno yale mawili sasa yaliyachapa katika ukurasa wa kwanza. Wanawake wakafanya misururu hospitalini kupimwa. Idadi ya wagonjwa waliogunduliwa mwaka ule ilipanda ghafula, hata watu wa takwimu wanaiona mpaka leo katika michoro yao. Ugonjwa haukuongezeka. Kilichoongezeka ni wanawake waliokwenda kupimwa.

Kushner aliandika kitabu mwaka 1975, akafungua na ofisi ndogo ambayo wanawake waliweza kuiandikia barua na kuipigia simu wapate maelezo. Wakati huo huo, katika mji wa Pittsburgh, Daktari Bernard Fisher alikuwa akifanya uchunguzi tangu mwaka 1971. Aliwagawa wagonjwa makundi, wengine wakapasuliwa kama Halsted alivyofundisha, wengine wakatolewa titi tu. Miaka ikapita, akahesabu waliobaki hai. Makundi yalilingana. Kukata mbali hakukuongeza maisha. Uchunguzi wake mwingine, uliotolewa mwaka 1985, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi ambao donge bado ni dogo, yatosha kutoa donge na kisha kutibu titi kwa mionzi. Lile tone la mafuta katika nguo halikuwa mfano wa kweli. Chembe za saratani huweza kusafiri kwa damu mapema, na kisu, hata kikate mbali namna gani, hakiwezi kuzifuata huko. Ndiyo sababu siku hizi mgonjwa mara nyingi hupewa pia dawa zipitazo mwili mzima.

Mwaka 1979 serikali ya Marekani iliita baraza la wataalamu waamue namna ya kutibu saratani ya titi. Katika baraza hilo Rose Kushner alikuwa peke yake asiyekuwa daktari. Wakakubaliana kwamba upasuaji wa Halsted usiwe tena kawaida, na kwamba kupima na kukata kufanywe mara mbili, si mara moja, ili mwanamke aamke kwanza. Baada yake yakaja majimbo yaliyotunga sheria kwamba daktari amweleze mgonjwa njia zote zilizopo kabla hajatia sahihi. Kushner alifariki Januari 1990, kwa ugonjwa huo huo. Alikuwa ameishi nao zaidi ya miaka kumi na tano.

Yuko na wa tatu, nitamtaja kwa ufupi. Audre Lorde alikuwa mshairi, mwanamke mweusi wa New York, naye alikatwa titi mwaka 1978. Siku chache baadaye alikuja mgeni wa Reach to Recovery, mwanamke mwema, mchangamfu, akamletea kifurushi. Lile titi la bandia la muda lilikuwa na rangi ya waridi iliyofifia, yaani rangi ya ngozi ya wanawake weupe. Lorde alilijaribu, akajitazama katika kioo, akaona si lake. Akaamua kutovaa kitu. Alipokwenda kliniki hivyo, akaambiwa na mwuguzi kwamba afadhali avae, maana bila hivyo anawavunja moyo wengine. Alijibu jambo hilo katika kitabu alichokitoa mwaka 1980: kama wanawake wote waliokatwa watajificha, kila mmoja atadhani yuko peke yake, na watu hawatajua wako wangapi.

Mwaona jinsi habari inavyogeuka. Bibi Lasser alifika kitandani na nguo yenye kukaa vizuri ili kumwonyesha mgonjwa kwamba hakuna atakayejua. Baada ya miaka ishirini na sita akaja mwanamke mwingine, aliyesaidiwa na kazi ile ile, akasema kwamba anataka watu wajue. Katika madarasa mtasikia wengine wakimpa haki wa kwanza na wengine wa pili. Mimi kwa upande wangu namheshimu Lasser zaidi kwa ajili ya ule ukuta kuliko kwa ajili ya ile nguo. Lakini mwaka 1952 hapakuwa na mwanamke wa kwenda hospitalini kifua wazi akasikilizwa, na bila nguo ile pengine angetolewa nje siku ya kwanza asirudi.

Na kwetu Afrika Mashariki? Waganga wa hospitali zetu wamekuwa wakiandika jambo moja kwa miaka mingi: wanawake wengi wafika hospitali wakati ugonjwa umekwisha endelea sana. Dar es Salaam iko hospitali ya Ocean Road, jengo la Wajerumani la mwisho wa karne ya 19, ambayo tangu mwaka 1996 ni Taasisi ya Saratani. Wanawake huletwa huko kutoka mikoa ya mbali, na wengi wao walianza kwanza kwa mganga wa mitishamba, au walikaa kimya kwa kuwa donge haliumi, au walingoja mume atoe nauli. Wengine walisikia kwamba ukikatwa utakufa, kwa sababu aliyewahi kukatwa kijijini kwao alikwenda amechelewa, akafa. Na waliopona hawakusema. Hapo ndipo tunapomhitaji Bibi Lasser wetu.

Nao wako. Nchini Kenya, Bibi Mary Onyango, aliyetibiwa saratani ya titi, alifanya kazi miaka mingi na Kenya Breast Health Programme, akiwahimiza wanawake wapimwe na kuisukuma serikali iwajali wagonjwa. Alifariki mwaka 2012, na mwaka huo huo Kenya ikapata Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani. Na katika miji mingi ya nchi zetu leo viko vikundi vya wanawake waliopona. Hushona matiti ya bandia kwa vitambaa na pamba, humsindikiza mgonjwa mgeni hospitali, huketi naye anapongoja kuitwa. Mkimwona mama mmoja akimfundisha mwenzake kupandisha vidole ukutani, sasa mwajua zoezi hilo latoka wapi.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2022 watu wapatao milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya titi duniani, na wapatao 670,000 walikufa nayo. Mwalimu aandike namba hizo ubaoni, darasa lizisome kwa maneno. Ugonjwa ukipatikana mapema, wengi wapona. Kwa hiyo someni hizi dalili kwa sauti, wake na waume: donge au ugumu katika titi au kwapani, hata kama hauumi, ngozi ya titi iliyobonyea au iliyokunjamana kama ganda la chungwa, chuchu iliyoanza kuingia ndani, ambayo zamani haikuwa hivyo, damu inayotoka kwenye chuchu. Si kila donge ni saratani, na mengi si saratani. Lakini anayeweza kusema ni yule mwenye hadubini. Uende zahanati, na ukiambiwa utakatwa, unayo haki ya kuuliza: nini kimeonekana, njia ni zipi, na nini kitafuata.

Sasa kazi ya darasa. Kwanza, mtu mmoja asimame mbele ya ukuta, apandishe vidole kama tulivyoeleza, na wengine waeleze kwa maneno yao kwa nini zoezi hili lilikuwa gumu kwa mwanamke aliyepasuliwa kwa namna ya Halsted. Pili, zungumzeni: ile simu ya Ikulu mwaka 1974, nani alistahili kuijibu? Tatu, kila mmoja aandike barua ya mistari sita au saba. Akina mama wamwandikie mwanamke aliyelazwa hospitali ambaye hawajapata kuonana naye. Akina baba wamwandikie mume wake. Msitie jina la mtu yeyote mnayemjua. Barua zisomwe darasani juma lijalo, kabla redio haijafunguliwa, nasi tutaendelea na habari za Bibi Florence Nightingale na hospitali za vita vya Krimea. Kwaherini.